Kurasa zote zinafunguka isipokuwa za masasisho: uchambuzi wa kisa kimoja

Kompyuta mpakato yenye Windows ililetwa kwangu na tatizo ambalo ukilisikia juujuu unaweza kulidharau. Mwenyewe alisema intaneti yake haina shida: barua pepe zinaingia, habari anasoma, video anatazama bila kukwama. Shida inaanza anapotaka kusasisha kitu. Ukurasa wa kupakua toleo jipya la kivinjari haufunguki. Tovuti ya antivairasi yake haifunguki. Ukurasa wa Microsoft wa kupakua viraka vya Windows nao vilevile, na Windows Update ikiachwa ijaribu yenyewe inazunguka muda mrefu kisha inatoa msimbo wa kosa.

Kabla yangu kuna mtu alishajaribu kumsaidia. Alifuta vidakuzi na akiba ya kivinjari, akasakinisha kivinjari upya, akabadilisha vitu kadhaa kwenye mipangilio ya usalama, kisha akahitimisha kwamba tovuti hizo "ziko chini". Haikuwezekana tovuti tatu za wamiliki watatu tofauti ziwe chini kwa wakati mmoja, kwa mtu mmoja tu, kwa wiki nzima.

Mpangilio huu wa dalili ni taarifa kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mtandao mbovu haujui kuchagua. Waya uliolegea, ruta iliyochoka au kifurushi kilichoisha huzuia kila kitu, au huzuia bila mpango. Ukiona vinavyozuiwa ni vile tu vinavyoifanya kompyuta iwe salama zaidi, kuna kanuni imeandikwa mahali fulani, na kuna aliyeiandika. Jambo hili lina historia. Oktoba 23, 2008 Microsoft ilitoa kiraka cha dharura kilichoitwa MS08-067, cha kuziba tundu la usalama kwenye Windows. Mwezi uliofuata kirusi cha Conficker kikaanza kusambaa kupitia tundu hilohilo, na moja ya kazi zake ilikuwa kuchunguza majina ya tovuti yaliyoombwa na kompyuta na kuyakatalia yale yenye maneno kama "windowsupdate" au majina ya kampuni za antivairasi. Mwaka 2009 wataalamu waliokuwa wakipambana nacho walitengeneza ukurasa wa kupimia uliovuta picha kutoka kwenye tovuti ambazo kirusi kilizizuia na kutoka kwenye tovuti ambazo hakikuzigusa. Picha za kundi la kwanza zikikosekana na za pili zikaonekana, ulijua una nini ndani. Kipimo hicho kilitegemea dalili ileile niliyokuwa naitazama kwenye kompyuta hii, ingawa kisababishi chake hapa kilikuwa kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo sikugusa kitufe cha kurejesha mipangilio ya awali. Kitufe hicho kina wakati wake, lakini ukianza nacho unafuta alama za kukuonyesha nini kilitokea, na kama kuna programu inayoandika upya mipangilio hiyo, tatizo litarudi ukiwa umebaki bila fununu yoyote.

Hatua ya kwanza ilikuwa kutenga. Simu iliyounganishwa kwenye Wi-Fi ileile ilifungua tovuti zote tatu bila kusita. Hapo ruta, mtoa huduma na tovuti zenyewe zikaondoka kwenye orodha ya washukiwa. Kuikagua ruta ni lazima, kwa sababu kuna programu hasidi zilizobadilisha anwani za seva za DNS (zile zinazotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani) hadi kwenye ruta. DNSChanger, iliyovunjwa na FBI mwezi Novemba 2011, iliambukiza takriban kompyuta milioni 4, na seva za muda zilizowekwa badala ya zile za wahalifu ziliendeshwa hadi Julai 9, 2012 ili watu wasikatikiwe ghafla. Katika kisa chetu simu ilikuwa imeshajibu swali hilo. Tatizo lilikuwa ndani ya kompyuta.

Nikaangalia saa. Ni kitu cha kutazama mara moja tu, lakini ukikiruka unaweza kupoteza siku nzima. Cheti cha tovuti, yaani kitambulisho ambacho kivinjari hukikagua kujua kama tovuti ni ya kweli, kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kuanzia Septemba 1, 2020 vivinjari vikubwa vilianza kukataa cheti kipya chenye maisha ya zaidi ya siku 398, na vingi vinavyotumika sasa vina siku 90. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, saa inarudi nyuma miaka kadhaa, na machoni pa kompyuta karibu kila cheti kinakuwa bado hakijaanza kazi. Windows nayo ina kikomo: kwa kompyuta isiyo chini ya mtandao wa ofisi, tofauti ikizidi saa 15 huduma yake ya muda hukataa kujirekebisha, hivyo inabidi uweke tarehe kwa mkono kwanza. Hapa saa ilikuwa sahihi. Tena kosa la saa lingezuia takriban kila tovuti ya HTTPS (njia salama inayotegemea vyeti), barua pepe na habari zikiwemo.

Kisha nikafanya kile ambacho kilipaswa kufanywa tangu mwanzo: kuusoma ujumbe wa kosa. Kwenye Chrome, chini kabisa ya ukurasa wa kosa, kwa herufi ndogo, palikuwa na ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED. Maneno haya hayasemi kwamba tovuti haipo, wala kwamba cheti ni kibovu. Yanasema kivinjari kiliambiwa kipite kwa mjumbe aitwaye proksi, kikaenda kwa mjumbe huyo, na mjumbe hakupatikana. Kama shida ingekuwa jina la tovuti kushindwa kutafsiriwa kuwa anwani, tungeona ERR_NAME_NOT_RESOLVED. Kama ni tarehe ya cheti, NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Kama kompyuta na seva hazikukubaliana toleo la usimbaji, ERR_SSL_VERSION_OR_CIPHER_MISMATCH. Kila msimbo unakutajia tabaka lililokwama. Aliyetangulia alikuwa na jibu mbele ya macho yake, akaenda kufuta vidakuzi, ambavyo havina uhusiano wowote na proksi.

Nilipomwambia mwenye kompyuta kwamba ni proksi, alipinga, na alikuwa na sababu. "Proksi imezimwa, niliangalia mwenyewe." Tukafungua pamoja mipangilio ya mtandao ya Windows, ukurasa wa proksi. Kweli, sehemu ya kuweka proksi kwa mkono, ile yenye kisanduku cha anwani na namba ya mlango, ilikuwa imezimwa. Lakini ukurasa huo una sehemu mbili. Juu yake kuna sehemu ya otomatiki, na humo swichi ya kutumia skripti ya kuelekeza ilikuwa imewashwa, na anwani ndefu ya kigeni imejazwa.

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo, na watu wengi hawapajui. Skripti hiyo, iitwayo PAC, ni mbinu ya tangu enzi za kivinjari cha Netscape mwaka 1996. Ni faili dogo la JavaScript lenye kazi moja iitwayo FindProxyForURL. Kila unapotaka kufungua ukurasa, kivinjari kinaiuliza: huyu nimpitishe wapi? Nayo inajibu ama DIRECT, yaani nenda moja kwa moja, ama PROXY ikifuatiwa na anwani ya kupitia. Maofisi makubwa huitumia kwa nia njema, ili kurasa za ndani zipite njia moja na za nje zipite nyingine. Lakini yeyote anayeweza kuandika skripti hiyo anaweza kuamua, tovuti kwa tovuti, wewe ufike wapi na usifike wapi.

Nililipakua faili hilo kwenye kompyuta nyingine na kulifungua kama maandishi matupu. Lilisomeka kirahisi. Kulikuwa na orodha ya majina: ya kampuni za antivairasi, ya watengenezaji wa vivinjari, ya kurasa za Microsoft za viraka. Kwa jina lolote la orodha hiyo jibu lilikuwa kupita kwenye proksi ya 127.0.0.1, ambayo ni kompyuta yenyewe, kwenye mlango ambao hakuna programu iliyousikiliza. Kwa majina mengine yote, DIRECT. Ndiyo maana habari zilifunguka, video zikacheza, na masasisho yakagonga ukuta. Ndiyo maana pia kusakinisha kivinjari upya hakukusaidia: Chrome na Edge kwenye Windows hutumia proksi ya mfumo, na Firefox nayo hufanya hivyo ikiachwa kwenye chaguo lake la kawaida. Ukiing'oa Chrome na kuirudisha, inaenda kuusoma mpangilio uleule.

Tukazima swichi ile, tukaifuta anwani, tukafunga vivinjari vyote na kuvifungua upya ili visitumie nakala ya skripti iliyobaki kwenye kumbukumbu. Ukurasa wa Microsoft ukafunguka, wa kivinjari pia. Wengi wangeishia hapo na kurudisha kompyuta kwa mwenyewe. Tulipoiwasha upya, anwani ilikuwa imerudi kama ilivyokuwa.

Mpangilio unaojirudisha wenyewe una mwandishi anayeishi ndani ya kompyuta. Mahali pa kumtafuta ni pachache. Ukurasa wa chrome://policy unaonyesha kama kivinjari kimewekewa sera, yaani amri za msimamizi. Hapa ulikuwa mtupu. Orodha ya viendelezi inaonyesha kama kuna kilichopewa ruhusa ya kusimamia proksi, hakikuwepo. Orodha ya programu zinazoanza pamoja na Windows haikuwa na la ajabu. Lakini kwenye Kipanga Kazi cha Windows palikuwa na kazi iliyowekwa iamke kila mtumiaji anapoingia, yenye jina la kuigiza kana kwamba ni chombo cha kusasisha, nayo iliita faili lililokuwa kwenye folda ya programu fulani ya kulipia ambayo mwenye kompyuta aliipata bure, ikiwa imevunjwa kufuli.

Nilimuuliza lini aliisakinisha. Akakumbuka kwamba maelekezo yake yalimtaka azime antivairasi kwanza na kuiendesha kwa mamlaka ya msimamizi. Sentensi hiyo moja inaeleza yote yaliyobaki katika kisa hiki. Aliyeivunja programu ile hakutaka iwasiliane na mtengenezaji wake, na hakutaka antivairasi ijisasishe hadi imtambue. Alipopewa mamlaka ya msimamizi alifanya alichotaka, na alikifanya zaidi ya mahali pamoja.

Tuliondoa programu, tukafuta ile kazi na faili lake, tukazima skripti tena. Kuwasha upya, safari hii ikabaki imezimwa. Lakini tovuti ya antivairasi bado haikufunguka, na sasa ujumbe ulikuwa tofauti: ERR_CONNECTION_REFUSED. Ujumbe ukibadilika ni maendeleo, hata kama ukurasa bado haujafunguka. Tabaka la kwanza limeondoka na lililofichwa chini yake limejitokeza. Kivinjari sasa kilikuwa kinakwenda moja kwa moja, kikafika kwenye anwani fulani, na anwani hiyo ikakataa kukipokea. Swali likawa: ni anwani gani?

Kuna jaribio dogo ambalo ningependa kila anayesaidia watu na kompyuta alijue. Kwenye dirisha la amri andika nslookup na jina la tovuti, kisha ping na jina hilohilo. Nslookup inaiuliza seva ya DNS moja kwa moja bila kutazama faili la hosts, ile orodha ya ndani ya kompyuta inayoelekeza majina ya tovuti kwenye anwani. Ping, kama kivinjari, inapitia mfumo wa Windows unaolizingatia faili hilo. Nslookup ilileta anwani halisi ya nje. Ping ilileta 127.0.0.1. Zikitofautiana hivyo, usihangaike na DNS, nenda kwenye hosts.

Faili hilo liko C:\Windows\System32\drivers\etc, halina kiambishi cha mwisho, na hufunguliwa na Notepad iliyoendeshwa kama msimamizi. Tulipolifungua lilionekana la kawaida kabisa: maelezo ya Microsoft yenye alama ya reli (#) mwanzoni mwa kila mstari, kisha utupu. Mwenye kompyuta akaanza kulifunga. Nikamwomba atazame kipau cha kusogezea upande wa kulia, jinsi kilivyokuwa kifupi. Faili lenye mistari michache haliwezi kuwa na kipau kifupi hivyo. Chini ya mamia ya mistari mitupu palikuwa na safu ya majina ya seva za antivairasi, kila moja likielekezwa 127.0.0.1. Hila hii ni ya zamani na bado inafanya kazi, kwa sababu inategemea mtu kutazama skrini ya kwanza tu. Tuliifuta mistari hiyo, tukahifadhi, tukaendesha ipconfig /flushdns ili kufuta majibu ya zamani ya majina. Tovuti ya antivairasi ikafunguka papo hapo.

Ikabaki Windows Update, ambayo bado ilikuwa inatoa 0x80072EFD. Misimbo hii inatisha kwa sura yake, lakini inafasirika. Chukua tarakimu nne za mwisho, 2EFD, zigeuze kutoka hesabu ya kumi na sita kwenda ya kumi: unapata 12029, yaani imeshindwa kuunganika. 2EE2 ni 12002, muda umeisha. 2EE7 ni 12007, jina halikutafsirika. 2F8F ni 12175, na hapo ndipo unapaswa kuangalia saa, vyeti na matoleo ya TLS, usimbaji unaolinda muunganisho.

Lakini kivinjari kilikuwa kinafika kwenye kurasa za Microsoft bila shida. Kwa nini huduma ya Windows isifike? Kwa sababu Windows ina njia mbili za kukumbuka proksi. Ile tuliyoirekebisha ni ya mtumiaji, ndiyo inayosomwa na vivinjari. Huduma zinazofanya kazi nyuma ya pazia, Windows Update ikiwa mojawapo, hutegemea nyingine iitwayo WinHTTP, ambayo haionekani kwenye ukurasa wowote wa mipangilio ya kivinjari. Amri ya netsh winhttp show proxy ikaonyesha kwamba nayo ilikuwa imeelekezwa 127.0.0.1. Amri ya netsh winhttp reset proxy, kwenye dirisha la msimamizi, ikaifuta. Kwenye kompyuta ya ofisi usiiendeshe kabla ya kuuliza mhusika wa mtandao, maana huenda proksi hiyo ndiyo njia halali ya kutokea nje. Kwenye kompyuta ya mtu binafsi isiyo na proksi yoyote, jibu sahihi la amri ile ya kwanza ni kwamba muunganisho ni wa moja kwa moja. Viraka vikaanza kushuka.

Sehemu iliyonisumbua moyo zaidi ni ile iliyoachwa na msaidizi wa kwanza. Aliamini tatizo ni vyeti, akaamua kuvinyamazisha. Njia ya mkato ya Chrome kwenye eneo-kazi ilikuwa imeongezewa mwishoni --ignore-certificate-errors, kwa hiyo kila mwenye kompyuta alipobofya hapo, kivinjari kilifunguka kikiwa hakikagui cheti cha tovuti yoyote, benki ikiwemo. Chrome ilikuwa inamwonya kwa mstari wa njano juu ya dirisha kila mara. Alikuwa ameshazoea kuufunga. Kwenye chaguo za intaneti za Windows, TLS 1.2 ilikuwa imeondolewa alama na TLS 1.0 ikawekewa, ushauri uliokuwa na maana zamani na leo umegeuka kinyume: TLS 1.0 ni ya mwaka 1999, vivinjari viliiacha mwaka 2020, na Machi 2021 ikatangazwa rasmi kuwa haifai tena pamoja na 1.1. Ukaguzi wa vyeti vilivyobatilishwa ulikuwa umezimwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichofungua tovuti hata moja, kwa kuwa kizuizi hakikuwa cheti.

Hili nalisema kwa uzito kwa sababu linahusu kurasa za masasisho hasa. Viraka vinavyoletwa na Windows Update vina saini, na mfumo huikagua saini hiyo kabla ya kuvisakinisha. Lakini programu unayoipakua mwenyewe kupitia kivinjari na kuibofya mara mbili, kinga yake kubwa njiani ni HTTPS. Ukizima ukaguzi wa cheti ili uipate, umemkaribisha yeyote aliye katikati akupe faili lake badala ya lile uliloomba, na wewe utaliendesha kwa mamlaka ya msimamizi ukiamini ni sasisho. Kama kuna ukurasa ambao hupaswi kamwe kubofya "endelea hata hivyo", ni huu. Tuliifuta njia ya mkato ile na kutengeneza nyingine, na chaguo za intaneti hapo ndipo tukazirejesha zote kwenye hali ya awali, kwa kuwa sasa ushahidi tulikuwa nao.

Jambo moja lilibaki. Mpangilio wa skripti ya proksi huhifadhiwa kwa kila mtumiaji peke yake. Kompyuta hii ilikuwa na akaunti ya pili, ya mdogo wake mwenye kompyuta, na tulipoingia humo skripti ilikuwepo, imewashwa, ikisubiri. Hosts na WinHTTP ni vya kompyuta nzima na vilikuwa vimeshapona, lakini kijana huyo angeendelea kukosa masasisho ya kivinjari chake, na kaka yake angeapa kwamba kompyuta ilitengenezwa. Tukaizima huko pia, tukaiwasha kompyuta upya, tukaingia kwa zamu kwenye akaunti zote mbili na kufungua kurasa zote tatu katika kila kivinjari.

Antivairasi ilipojisasisha tuliiachia ikague diski nzima kabla Windows haijapakiwa, na ikapata mabaki ya ile programu kwenye folda ya muda. Skripti niliyoisoma haikuwa imeelekeza benki wala barua pepe kwenye seva ya mtu mwingine, hilo nililithibitisha mstari kwa mstari. Lakini faili lilikaa kwenye seva ya nje, na mwenye seva angeweza kulibadilisha saa yoyote bila kuigusa kompyuta tena, na nililosoma mimi lilikuwa la siku hiyo tu. Ukiongeza zile siku ambazo Chrome ilifunguliwa bila kukagua vyeti, nilimshauri abadili nywila za barua pepe na benki akitumia simu, aanze na ya barua pepe kwa kuwa nyingine zote hurejeshwa kupitia hiyo, na atoke kwenye vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia. Alifanya hivyo kabla ya kuondoka.